Mkono Kwenye Kioo

Nyumbani,
Jumapili, 3 Machi

Chiriku wangu,

Umefika? Andika umefika, hata mstari mmoja, hata nyuma ya tiketi. Tangu Alhamisi basi lilipokuondoa nazunguka humu ndani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mimi mzima, ukiacha goti, na goti lenyewe unalijua.

Sasa nikupe habari za tangi lako la vioo, maana najua ndilo unalotaka kujua kwanza, mimi baadaye. Tangi lipo. Halijahama pale sebuleni ulipoliacha, kati ya kabati na kiti cha marehemu baba yako. Yale maji yaliyokuwa meupe kama ya kuoshea mchele yametulia, naona mpaka ukuta wa nyuma. Pampu inasukuma, maji yanapanda kwenye bomba mpaka kile kisanduku cha kuchujia, yanaanguka tena ndani. Kile kitaa cha kipasha maji kinawaka na kuzima, na kila kikizima roho yangu inazima nacho. Nakaa nakiangalia mpaka kiwake tena, ndipo niende jikoni.

Ila mwanangu, samaki lini? Fundi cherehani wa chini alipanda kuniletea gauni langu, akasimama mbele ya tangi, akaangalia, akaangalia, akaniambia, "Mama Chiriku, wenzako wanafuga kuku, wewe umefuga maji?" Nikamjibu, "Na mawe. Usisahau mawe." Tulicheka, lakini alipoondoka nikakaa nikafikiri. Kweli, mtoto amenijazia sebule maji ya chumvi na mawe machafu, eti ndiyo biashara yake ya kesho, wateja watakuja kuliangalia, na mlinzi ni mimi. Mimi niliyeua hata ule mmea wa kwenye kopo.

Maji yalishuka kidogo chini ya mstari uliouchora kwa kalamu nyekundu. Nimeongeza. Nilichukua ile chumvi yako ya pakiti, siyo ya jikoni, usishtuke, nikakoroga kwenye ndoo ulivyonionyesha, nikajaza. Nafanya hivyo kila yakishuka. Linakunywa sana hili tangi, kama mtu mwenye homa.

Jambo lingine. Simu usinipigie. Spika yake imeharibika, na fundi wa simu kila siku ananiambia kesho. Meseji nazo herufi zake ni kama sisimizi waliokanyaga wino. Andika barua. Mtu wa posta anaziacha kwa fundi cherehani, na fundi hazifungui, nimemuuliza.

Kula. Usilale na nywele mbichi.

Mama yako


Bwenini,
Jumapili, 10 Machi

Mama, shikamoo.

Nimefika salama. Karakana ni kubwa, matangi yamepangwa kama mkate dukani, mengine yanakwenda hotelini, mengine kwenye vyumba vya kusubiria daktari. Mimi bado nasugua vioo na kubeba ndoo. Msimamizi anasema nina mkono mwepesi, ila mdomo mzito kuufunga.

Mama, acha kuongeza maji ya chumvi! Yanayopotea tangini ni maji matupu, yanapanda hewani. Chumvi haipandi, inabaki pale pale. Mchuzi ukikukaukia jikoni unaongeza maji au unaongeza chumvi? Basi ndiyo hivyo hivyo. Toa jagi moja la maji ya tangi, weka maji safi ya kwenye madumu ya bluu. Kesho yake tena. Fanya taratibu mpaka kile kipimo cha chumvi kinachoelea kisimame kwenye alama ya kijani.

Samaki bado. Na tangi haliko tupu, hata fundi akicheka vipi. Ndani ya mawe kuna vijidudu visivyoonekana, ndivyo vitakavyokula sumu ya kinyesi cha samaki. Lazima vizaliane kwanza. Samaki akiingia leo atakufa kwa choo chake mwenyewe. Wewe tupa ile chembe ya chakula kila siku ioze humo, ndiyo chakula cha vijidudu. Usisugue mawe. Najua unavyoyaangalia. Sabuni isikaribie hata kwa harufu.

Kubwa kuliko yote ni pampu. Ikisimama, maji hayapati hewa, na vijidudu vinakufa. Sikiliza mlio wake. Hata ukiwa jikoni utausikia. Ukibadilika, niandikie siku hiyo hiyo.

Nilikupigia simu kabla barua yako haijafika. Ulipokea, ukasema haloo, haloo, ukakata. Mimi nilikusikia vizuri tu.

Na pale kituoni nilikuuliza jambo. Ukaniambia nifunge zipu ya begi. Kama hilo ndilo jibu, nimelielewa.

Chiriku


Nyumbani,
Jumapili, 17 Machi

Mdogo wangu,

Barua hii ukishaisoma ichane, na usimsomee mumeo, maana mumeo hana siri.

Masikio yangu yameisha. Siyo yale ya zamani ya "hebu rudia kidogo". Yameisha. La kushoto lilikwenda mwaka jana, na la kulia limelifuata juzi juzi kama lilikuwa linasubiri mwenzake. Ni zile mashine za kufuma za kiwandani, zilikuwa zinakula kidogo kidogo. Mtu akisimama mbele yangu kwenye mwanga namsoma midomo, kama tulivyokuwa tukisomana kule kazini. Unakumbuka tulivyomsengenya msimamizi naye amesimama katikati yetu? Lakini mtu akigeuka, basi. Au akiwa na kitu mdomoni. Na fundi cherehani wa chini, mdomo wake ni mto wa pini.

Chiriku hajui. Alipokuwa hapa aliongea mchana kutwa, jina lake unalijua lilikotoka, na mimi natikisa kichwa, nacheka anapocheka. Alidhani namsikiliza. Nilikuwa namwangalia.

Sasa nimeingia matatani. Siku anaondoka alikaa dirishani kwenye basi, jua linapiga kwenye kioo, akasema kitu. Mdomo sikuuona. Niliona begi liko wazi, nikamwambia afunge zipu. Leo ananiandikia kwamba aliniuliza jambo na jibu langu amelielewa. Aliniuliza nini? Nikimwandikia "uliniuliza nini", atajua. Na akijua atarudi. Baba yake alipofariki aliacha shule ili akae na mimi, na mimi nikamwacha aiache, nilikuwa sijielewi. Mara ya pili sikubali. Ile kazi anaipenda. Mtoto huyo anaongea na kioo anapokifuta, anakiambia "tulia".

Na wala hujasikia kichekesho chenyewe: amenikabidhi pampu niisikilize! Nilicheka peke yangu mpaka nikalia. Lakini nimepata njia. Naweka kiganja kwenye kioo. Kikitetema, pampu nzima. Kila nikipita naweka mkono, kama mtu anayempima mtoto homa. Sitoki kwenda mbali. Nikienda sokoni narudi nikikimbia na goti langu hili.

Usimwambie.

Dada yako


Nyumbani,
Jumapili, 17 Machi

Chiriku wangu,

Ule mchuzi nimeuelewa. Ungesema tangu mwanzo kwa lugha ya jikoni nisingelilisha tangi lako chumvi kama ng'ombe. Sasa kipimo kimesimama kwenye alama ya kijani, nakiangalia asubuhi na jioni na katikati.

Lakini mchanga umeota utando wa kahawia. Mwanzo kama vumbi la mdalasini, sasa kama zulia la mtu mvivu. Hata mawe. Kweli hiyo siyo dalili mbaya? Nimeshika brashi mara mbili nikairudisha. Sasa nimeiweka juu kabisa ya kabati, ili mpaka nitafute kiti akili iwe imenirudia.

Pampu naisikia vizuri kabisa, hata nikiwa jikoni. Inanguruma kama paka aliyeshiba.

Lile la kituoni usilifikirie. Tutaongea ukija.

Mama yako


Bwenini,
Jumanne, 26 Machi

Mama, shikamoo.

Utando wa kahawia ni dalili njema. Kila tangi jipya linaupata. Ukiisha utaanza wa kijani, na huo pia uuache. Taa iwake mchana tu.

Fundi wa simu bado anasema kesho? Wenzangu hapa jioni kila mtu yuko dirishani na simu yake, anacheka na kwao. Mimi nasoma maelekezo ya vipasha maji.

Basi. Tutaongea nikija.

Chiriku


Nyumbani,
Jumapili, 7 Aprili

Chiriku, mwanangu,

Tangi linapasuka. Au halipasuki, sijui, ndiyo maana mwandiko unaruka hivi.

Fundi alipanda na barua yako, akasimama mlangoni anazungumza na mimi, mara akaruka kama amekanyaga msumari. Akatema pini mkononi, akasema, "Umesikia hiyo?" Nikasema, "Ndiyo." Akasema, "Mama Chiriku, kioo hicho kinapasuka! Maji yote haya yatakwenda wapi? Chini kwangu! Nina sare za shule nzima mezani!" Akashuka ngazi mbio, hakumaliza hata kuniaga.

Tangu hapo sina raha. Nimekagua kioo kwa tochi. Nimepitisha ukucha kwenye kona zote. Nimelamba hata pembe za nje, kama kuna chumvi inayovuja, na hapana, ni vumbi tu, nisamehe sikupangusa juzi. Nimelizungushia mikanda ya suruali ya marehemu baba yako, mitatu, nimeiunganisha na kuikaza. Angekuwepo angesema nimelivalisha tangi suruali.

Niambie nifanye nini. Nikiliacha lipasuke nitakutazama na uso gani?

Mama yako


Bwenini,
Ijumaa, 12 Aprili

Mama,

Vua mikanda. Kioo kile nilikipima mwenyewe, hakipasuki kirahisi.

Niambie mlio ulikuwaje, maana yote yako hapo. Kama ni "tak!" kavu, ya kukata, kama mtu anayevunja vidole, inakuja na kupotea, usiogope. Huwa kuna viumbe wanaojificha ndani ya mawe tunaponunua. Kuna kamba mmoja mdogo wa baharini, ana gando moja kubwa kuliko mwili wake, akilifyatua utadhani kioo kimepasuka. Tutamwacha aishi.

Lakini kama ni mlio wa kuchemka, wa kububujika usiokatika, pampu inavuta hewa, na hiyo ni hatari. Hapo izime ukutani kwanza, ifungue, isuuze kwa maji ya tangi, siyo ya bomba la jikoni. Kisha rudisha bomba lake kwenye kisanduku, sukuma mpaka ligote.

Mimi niko mbali, sisikii chochote. Nategemea masikio yako.

Chiriku


Nyumbani,
Alhamisi, 18 Aprili

Chiriku wangu,

Ni ule wa pili, wa kuchemka. Nimekaa karibu na tangi nikausikiliza sana, nikauhakikisha. Kama sufuria yenye mfuniko.

Nimefanya yote. Nimezima ukutani. Nimefungua pampu, ilikuwa na uteute kama kamasi, nimeisuuza kwa maji ya tangi kwenye bakuli. Bomba nimelirudisha, nimelisukuma. Liligota, nadhani. Nimewasha, maji yakapanda. Nilijipigia makofi mwenyewe.

Mikanda nimevua. Mmoja nimeuacha.

Mama yako


Nyumbani,
Jumatatu, 22 Aprili

Chiriku wangu,

Huku hakuna jipya. Tangi halijambo. Maji yamepungua kidogo.

Nauliza tu: mtu akitaka kukoroga maji ya chumvi mengi kwa mpigo mmoja, ndoo nyingi, anafanyaje? Na mawe yakikaa nje ya maji kwa muda mfupi, vile vijidudu vinavumilia? Nauliza tu, kwa kujifunza.

Kula.

Mama yako


Dukani,
Jumatatu, 22 Aprili

Binti,

Mimi ni fundi cherehani wa chini. Sijawahi kukuandikia. Anwani nimeitoa nyuma ya bahasha zako zinazopita mikononi mwangu. Sizifungui, na mama yako anajua.

Nitaanza na hasira kwa sababu ndiyo ilinikalisha kuandika. Jumamosi tangi lako lilinishukia. Sare za shule nimeshakata, nimepanga mezani, dari ikaanza kudondosha. Maji ya chumvi! Kitambaa cha bluu kimetoka mabaka kama ramani. Nikapanda ngazi, na huko juu kuna kitu kinapiga kelele kama mtu anasaga vijiko. Nikagonga. Nikagonga kwa ngumi. Nikavua kiatu nikagonga nacho. Jirani wa ghorofa ya juu akachungulia kuuliza nani kafa. Ndani hakuna aliyeitika. Nikasema leo huyu mama amenidharau kikweli kweli, maana ana muda mrefu hajibu salamu zangu ngazini. Namwambia habari za asubuhi, anaziangalia pini zangu, anatabasamu, anapita kama bibi harusi. Nikasema ni maringo, tangu apate sanduku la vioo.

Nikasukuma mlango, ulikuwa haujafungwa. Binti, maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu. Bomba limechomoka linaning'inia nje ya kioo, pampu imebaki hewani inalia, na mama yako amekaa dirishani, mgongo kwangu, miguu juu ya stuli, anachagua maharage. Anaimba. Anaimba, na nyuma yake nyumba inazama! Nikazima umeme pale mlangoni, nikamfuata nikamgusa bega. Maharage yote yakaenda kuogelea.

Hasira ikanitoka hapo hapo. Nilitema pini, nikamuuliza kulikoni, akaniangalia mdomo, akajibu. Nikageukia tangi nikamuuliza tena. Hakujibu. Nikaita jina lake la utani la utotoni, ambalo nikiliita hunirushia kandambili. Hakugeuka. Mimi ni mtu wa vitambaa, sijui mambo ya masikio, lakini mama yako hasikii, binti. Hasikii kabisa. Na mimi nilikuwa namnunia ngazini miezi yote hiyo.

Alinishika mikono akaniomba nisikuandikie, eti utaacha kazi. Nikamkubalia. Ndiyo hivi nakuandikia.

Tumekausha wote wawili. Maji yamebaki nusu tangi. Mawe ya chini yamo majini, ya juu tumeyafunika kwa taulo bichi, ndiyo wazo lake. Bomba nimelifunga kwa waya wa cherehani. Sare nitakata upya, na hilo usilizungumzie.

Ila nikuulize kitu. Ni nini kile kinachogonga humo ndani? "Tak!" Hata leo asubuhi kimenitoa roho. Mama yako aliniambia naye amekisikia.

Fundi wa chini


Bwenini,
Ijumaa, 26 Aprili

Mama,

Fundi ameniandikia. Usimgombeze.

Tangu lini? Nilipokuwa nakusimulia habari za karakana usiku ule kabla sijaondoka, ulikuwa unasikia? Nilipokuwa nakusomea ile barua ya kuitwa kazini, ukapiga vigelegele, ulijua nasoma nini?

Nilijua umenikasirikia, mama. Nilidhani hutaki hata kuisikia sauti yangu. Pale kituoni nilikuuliza, "Mama, umeniridhia?" Ukaniambia nifunge zipu. Nimelibeba neno hilo mpaka huku. Begi nimelifunga mara mbili ili nirudi nyumbani, na kila nikilifunga naiona ile zipu.

Na mimi nikakuachia pampu uisikilize. Nikakuandikia kwamba nategemea masikio yako. Ungeungua, mama. Umeme na maji.

Nimeomba ruhusa, msimamizi ananiambia tungoje kwanza kazi ya hoteli iishe. Mimi siwezi kungoja. Naja Jumamosi ijayo, akinipa asinipe. Wakitaka nafasi yangu wampe mwingine.

Chiriku


Nyumbani,
Jumanne, 30 Aprili
(kwa mkono wa kondakta wa basi)

Chiriku,

Usije bila ruhusa. Nimempa kondakta barua hii na nimemtazama usoni mpaka akaniahidi kukutafuta mwenyewe, usije ukaanza safari kabla hujaisoma.

Ndiyo, sisikii. Nilikuficha kwa kuwa nakujua. Ungekaa hapa ukanisikilizia mlango, ukanisikilizia sufuria, ukanisikilizia hata mbu, mpaka uzeeke kwenye kiti cha baba yako. Ile barua ya kuitwa kazini nilijua, kwa sababu ulikuwa unaruka. Mtu hahitaji masikio kumuona mtoto anaruka.

Hilo ndilo uliloniuliza? Umeniridhia? Mwanangu, siku zote hizi nabahatisha tu, nikasema labda uliuliza kama nimekuwekea maji ya njiani! Nimekuridhia. Nimekuridhia tangu siku ulipoingia na kile kioo cha kwanza kichwani, nikafoka kwamba utakatika shingo. Nilifoka na radhi ndani yake. Nimekuridhia ukienda na nimekuridhia ukibaki, lakini nakuomba uende. Naandika kwa herufi kubwa ili usije ukasema mwandiko wangu haukusomeka: NIMEKURIDHIA. Ulipoacha shule kwa ajili yangu sikuwa na nguvu ya kusema hapana. Leo ninayo. Nenda kwa msimamizi kwa adabu, mwambie mama ni kiziwi na sebule imelowa, hata moyo wa chuma utalegea. Akikataa, baki. Nitakuwepo.

Kuhusu tangi naogopa kweli. Nimekoroga chumvi nusu ndoo nusu ndoo, nikaacha ipate joto, nikapima, nikamimina polepole juu ya sahani niliyoiweka tangini ili mchanga usiruke. Limejaa. Lakini mawe ya juu yamepauka na maji yananuka kidogo. Kila nikiweka mkono nafikiri naweka kwenye kifua cha mgonjwa. Kama nimeyaua mawe yako, uniambie. Usinifiche kama mimi.

Mama yako


Sebuleni,
Jumapili, 5 Mei

Mama,

Barua hii haina stempu. Wewe uko pale dirishani unachagua maharage, mimi nimekaa sakafuni mbele ya tangi, na fundi kakaa kwenye kiti cha baba na pini zake zote kaziacha chini, anatuangalia kama sinema.

Nilikwishakuambia kwa mdomo, lakini uliangalia pembeni, kwa hiyo naandika. Msimamizi kanipa ruhusa mpaka kesho. Alisoma barua yako. Alipofika kwenye ile sebule iliyolowa aliniuliza ilikuwaje, nikamweleza yote, na nilipofika pale ulipolamba kioo akaweka kichwa mezani kwa kicheko. Kasema nikuambie kwamba kwake hakuna mwanafunzi aliyewahi kukagua tangi kwa bidii hiyo.

Nimepima maji. Sumu imepanda, kwa hiyo baadhi ya vijidudu vimekufa. Siyo vyote. Mawe ya chini yamepona, na yale uliyoyafunika taulo mengi yatarudi. Samaki watachelewa, basi. Hujaua, mama. Umechelewesha.

Sasa weka maharage chini uje hapa. Ndani ya jiwe kubwa kuna mtu. Nimemsikia tangu nafungua mlango. Weka kidole kwenye kona hii nilipobandika karatasi. Siyo kiganja, ncha ya kidole. Tulia. Usikiondoe.

Chiriku


Sebuleni,
Jumapili hiyo hiyo

Chiriku,

NIMEMSIKIA! Niliruka mpaka goti likalia, nanyi mkanicheka wote wawili, niliwaona. Kama mtu ananigonga kidoleni kutoka upande wa pili. Na tena! Sasa hivi tena!

Kumbe tangi nililoambiwa halina kitu lilikuwa na mpiga domo wake humo ndani tangu siku ya kwanza, na mimi kila siku napita naweka kiganja, namkosa kwa sababu natafuta pampu. Basi huyo ndiye samaki wangu, hata kama siyo samaki. Ukileta samaki wako wa rangi ya chungwa, watamkuta mwenyeji.

Fundi anasema atapanda kila asubuhi na chai yake kusikiliza pampu, mdomo wazi, bila pini. Nami nitamchagulia maharage. Tumekubaliana, haya hayakuhusu. Wewe kesho unapanda basi. Usinibishie, naona unavyoshika hiyo kalamu.

Mama yako


Nyumbani,
Jumatatu, 6 Mei

Chiriku wangu,

Umefika? Andika umefika.

Ulikaa dirishani kama siku ile, na jua likakaa pale pale kwenye kioo, mdomo wako sikuuona. Ukaweka kiganja ndani, nami nikanyoosha mkono nikaweka changu nje. Injini ilikuwa inatetema, hiyo naijua, mashine ni mashine. Lakini katikati ya mtetemo huo kulikuwa na mwingine mdogo, unakatika, unaanza, unakatika, unaanza, hausimami kupumua. Nikajua ni wewe unaongea, paji la uso umeliegemeza kwenye kioo. Nani mwingine?

Sijui ulisema nini. Andika, nasubiri. Mkono sikuuondoa mpaka basi likauondoa lenyewe.

Zipu ya begi lako ilikuwa wazi tena. Niliiona. Safari hii sikusema.

Mama yako